Roadster ya Ng'ombe Wawili

Kuna aina ya video ambayo wengi wetu tumeitazama usiku tukijiambia hii ni ya mwisho, nalala. Mzungu mmoja anakokota gari la mwaka 1932 kutoka kwenye banda lenye kuku. Limeoza, halina milango, kuna kichaka kimeota palipokuwa na injini. Dakika 20 baadaye linatoka roadster: gari la wazi, siti mbili, halina paa, injini imeachwa nje kama kifua cha mcheza ngoma.

Nimekulia Shinyanga, na kila nikimaliza video hizo huwa najiuliza: yetu yako wapi? Ukanda huu haukuwahi kuwa na uhaba wa magari. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga. Mwaka 1940 mjiolojia wa Kikanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, na mgodi wake ukageuka mji kamili. Geita kulikuwa na mgodi wa dhahabu tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Vyama vya ushirika vilikuwa na malori ya kusomba pamba. Wamisionari, mabwana shamba, wenye maduka, wote walikuwa na chombo cha moto cha aina fulani. (Ukimsikia mtu anasimulia kwamba Williamson aliikuta almasi akiwa kwenye Land Rover, mwache amalize hadithi yake, lakini Land Rover ya kwanza ilioneshwa hadharani Amsterdam mwaka 1948.) Magari yote hayo hayakupaa mbinguni. Hayapo kwenye makumbusho, hayapo kwenye mabanda ya kuku, na hakuna kijana wa Kahama aliyeyageuza roadster.

Yapo. Mengine utayapishana nayo barabara ya Tinde, yakivutwa na ng'ombe wawili.

Nianze na upande wa pili wa dunia, kwa sababu hadithi ya roadster tunayoijua imekatwa nusu. Neno lenyewe lilipitia kwa wanyama: katika Kiingereza liliwahi kumaanisha farasi anayefaa kwa safari ya barabarani, kabla halijahamia kwenye baiskeli na gari. Vijana wa California wa miaka ya 1930 na 1940 hawakuzipenda roadster za Ford kwa uzuri wake tu. Zilikuwa za bei ya chini, maana mwenye familia hataki gari linaloingiza mvua. Walizinunua kuukuu, wakang'oa madigadi, bampa, boneti, chochote chenye uzito kisichosaidia kwenda, kisha wakaenda kushindana kwenye ardhi tambarare ya ziwa kavu la Muroc. Chama chao cha kupima mwendo, SCTA, kiliundwa mwaka 1937. Jarida la Hot Rod likafuata mwaka 1948. Mwaka huohuo, London, mwanafunzi wa uhandisi aitwaye Colin Chapman alichukua Austin 7 kuukuu, akaiundia bodi mpya kwenye gereji ya wazazi wa mchumba wake, akaiita Lotus. Iliyobaki mnaijua, angalau wale mnaofuatilia Formula 1.

Nusu ya pili haina jarida. Ford ilitengeneza zaidi ya magari milioni 15 ya Model T kati ya 1908 na 1927, na mengi yaliishia kwa wakulima. Mkulima alinyanyua gurudumu la nyuma kwa jeki, akalifunga mkanda, na gari likawa mashine ya kusaga nafaka, kupasua kuni, kuvuta maji, hata kufua nguo. Wanahistoria Ronald Kline na Trevor Pinch waliandika juu ya jambo hili mwaka 1996, wakionesha kwamba wakulima wa vijijini walikuwa wanaamua upya gari ni kitu gani, mbali na alivyokusudia mwenye kiwanda. Kwa hiyo Model T ileile ilikuwa na njia mbili za kuzaliwa upya, moja ya mbio na moja ya kazi. Ile ya mbio ilitunzwa, ikapigwa rangi na picha. Ile ya kazi ilitumika mpaka ikaisha.

Mimi nadhani historia ya gari kuukuu Usukumani ni ya ile njia ya pili, na kwamba tumeikosa kwa sababu tunaitafuta kwa macho ya njia ya kwanza.

Jaribio kubwa la mwanzo la kugeuza chuma chakavu katika nchi hii halikufanyika chini ya mwembe. Lilifanywa na serikali ya Uingereza, Kongwa, upande wa Dodoma, kwenye ule mradi maarufu wa karanga ulioanza mwaka 1947. Matrekta yalikuwa adimu baada ya vita, lakini vifaru vilikuwa vimezagaa. Kampuni ya Vickers ikachukua vifaru vya Sherman, ikaondoa bunduki na chuma cha kinga, ikaviunda upya kuwa matrekta yaliyopewa jina la Shervick, Sherman na Vickers limeunganishwa. Kwa maana halisi, hiyo ni kazi ileile ya Muroc: chukua chombo kizito, kivue, kipe maisha mengine. Tofauti ni kwamba waliokiunda walikuwa mbali sana na udongo kitakaoulima. Ardhi ya Kongwa kiangazi hukauka ikawa kama saruji, mizizi ya vichaka ikavunja majembe, mvua hazikufuata ratiba. Januari 1951 mradi ulifutwa, na hasara ya pauni kama milioni 36 ikaandikwa vitabuni.

Nautaja Kongwa kwa sababu una mafaili. Mwanafunzi wa historia akitaka kuandika juu yake atakuta ripoti, mijadala ya bunge la Uingereza, picha, vitabu. Fundi aliyechomelea ekseli ya Bedford chini ya sanduku la mbao akapata mkokoteni uliobeba pamba kwa miaka 30 hana faili hata moja. Kushindwa kwa serikali kumehifadhiwa vizuri kuliko kufaulu kwa fundi.

Kufaulu huko kulipata shule yake katika miaka ya shida. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikaja 1978 hadi 1979, mafuta yakapanda, fedha za kigeni zikaisha. Wazee wanakumbuka marufuku ya magari binafsi kutembea Jumapili mchana. Spea hazikupatikana. Kwenye mazingira hayo gari moja liliweza kuwa na injini ya kabila moja, gia boksi ya kabila lingine, na radieta iliyozibwa kwa sabuni ya kipande. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, amewachukua mafundi wa gereji za Tanzania kama watu waliobuni teknolojia, si watu wa kukarabati tu vya wenzao. Naungana naye. Ningeongeza tu kwamba gereji alizozitazama zilitaka gari lirudi barabarani. Huku kwetu fundi alikuwa na mteja mwingine, ambaye gari zima hakuwa na haja nalo.

Mteja huyo ni mkulima wa pamba au mpunga mwenye ng'ombe. Ng'ombe anao, jembe la kukokotwa analo. Anachokosa ni gurudumu. Gurudumu la mti linalozunguka juu ya ekseli ya mti hulia, hula mafuta, huchongoka na kupwaya, na masika linazama kwenye udongo mweusi wa mbugani mpaka ng'ombe wanapiga magoti. Gurudumu la gari lina beringi na tairi pana lenye upepo. Ukiligusa tu linazunguka. Ng'ombe haohao, kwa nguvu ileile, wanahamisha mzigo ambao awali ungehitaji safari kadhaa.

Hapa ndipo inabidi tuingie uvunguni, na naomba msinikimbie. Fundi mmoja wa mjini Shinyanga, mzee ambaye nilimpa shikamoo zangu kwa siku tatu kabla hajakubali kuzungumza na mtu mwenye daftari, alinieleza kwamba ekseli zote si sawa. Kwenye pickup nyingi ndogo, gurudumu la nyuma limefungwa moja kwa moja kwenye shafti inayotoka kwenye difu. Shafti hiyo inafanya kazi mbili: inazungusha gurudumu na pia inalibeba. Ukiitoa, gurudumu linatoka nayo. Kwa hiyo mkokoteni wa ekseli hiyo unabeba difu lote na meno yake, uzito wa bure, au fundi anatoa meno na kutengeneza kishikizo kingine ndani. Kwenye Land Rover 109 na kwenye malori, habu inakaa na beringi zake juu ya ganda la ekseli lenyewe. Shafti inazungusha tu, haibebi. Unafungua bolti chache, unachomoa shafti kama upanga kwenye ala, na gurudumu linabaki limesimama, huru, tayari kwa ng'ombe.

Ndiyo maana, aliniambia, ekseli ya 109 haikai gereji wiki mbili. Na shafti iliyochomolewa haitupwi pia. Ni chuma kigumu kilichopikwa kiwandani, hukatwa ikawa tindo na mitaimbo kwa wachimbaji.

Niliwahi kufikiri kwamba gari la zamani linapendwa na mafundi kwa mazoea. Kumbe ni uhandisi. Chukua IST au Probox, hizi tunazozipanda zikiwa michomoko kati ya Kahama, Katoro na Geita, watu wanne wamebanana siti ya nyuma na mmoja anagombania gia na dereva. Ni magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Nyuma hakuna ekseli ya chuma kizito. Kwa kawaida kuna mhimili wa bati lililokunjwa, mwepesi, mzuri kwa mafuta na barabara ya lami. Ukilifunga sanduku la mpunga juu yake halina maisha marefu. Biashara ya nje ilipolegezwa mwaka 1984 na mitumba ya Japani ikaanza kumiminika, tulipata magari mengi kuliko wakati wowote, na kadiri miaka ilivyokwenda magari hayo yakawa na nyama ndogo ya kula baada ya kufa. Peugeot 504 pickup ilikuwa na kila kitu: ekseli ngumu, springi za majani. Jani moja la springi linatoa panga. Jingine linatoa kisu cha kuchinjia. Tairi linatoa makatambuga. Mpira wa ndani unafunga mizigo ya kila baiskeli unayoijua.

Na bodi? Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, kwa sababu baada ya vita Uingereza ilikuwa na mgao wa chuma huku aluminiamu ya viwanda vya ndege ikiwa nyingi. Mhandisi Maurice Wilks na wenzake wa Rover walijengea jaribio lao la kwanza juu ya chesesi ya Jeep ya Kimarekani, yaani Land Rover yenyewe ilianza kama gari lililotengenezwa kwa gari la wengine. Sasa, aluminiamu inayeyuka kwa moto wa mkaa na mvukuto. Vyuma haviyeyuki hivyo. Kwa hiyo mlango wa gari la bwana madini una nafasi nzuri kabisa ya kuwa sufuria nzito ya kumimina, ile ambayo ugali hauungui haraka. Siwezi kukuthibitishia kwamba sufuria ya bibi yako ilikuwa gari. Lakini kama bibi yako aliishi Kishapu, usiibishie.

Upande wa dhahabu chuma kilipata kazi nyingine. Mchimbaji mdogo akitoa mawe duarani lazima ayasage yawe unga kabla hayajaenda kuoshwa mwaloni, na kazi hiyo hufanywa na karasha. Karasha ni pipa la chuma lenye golori za chuma ndani, linazungushwa na injini ya dizeli au mota kwa mkanda, na mawe yanasagika kwa kugongwa na golori hizo. Nenda karibu na Katoro utazame karasha ya kizamani linakaa juu ya nini. Mara nyingi utakuta habu ya lori na beringi zake. Wakati mwingine ni nusu ya ekseli, difu likiwa limeachwa makusudi: nguvu inaingia kwa pale palipokuwa na propela shafti, inageuka kona, inatoka kwenye pipa badala ya kwenye gurudumu. Difu linapunguza mwendo na kuongeza nguvu, hiyohiyo kazi lililokuwa linafanya kwenye mlima. Mkulima wa Kimarekani wa mwaka 1915 na mwenye karasha wa Geita wangeelewana bila mkalimani.

Sitaki kulipamba karasha. Vumbi lake ni la mawe makavu, vijana wanalivuta siku nzima na kitambaa puani, na baada ya karasha kuna zebaki. Pia lina siasa zake: mwenye jiwe huondoka na dhahabu aliyoipata kwa kuosha, lakini mchanga uliobaki, marudio, mara nyingi unabaki kwa mwenye karasha, na humo kuna dhahabu nyingine itakayotolewa kwa kemikali baadaye. Aliyemiliki chuma cha gari bovu kwa wakati sahihi alijikuta anamiliki marudio ya watu wengine.

Taifa nalo limejaribu kuunda magari, na majaribio hayo yana majina. Nyumbu kule Kibaha ilianzishwa rasmi mwaka 1985 chini ya jeshi. Kenya walikuwa na Nyayo Pioneer, iliyooneshwa mwaka 1990. Masoud Kipanya alizindua gari lake la umeme mwaka 2022 na mitandao ikalipuka. Nayapenda majaribio haya. Yote yanaanza na wazo la gari zima na yanapimwa kwa gari zima, limewaka au halikuwaka. Fundi wa Shinyanga hapimwi hivyo, na ndiyo maana haonekani.

Haonekani hata kwenye takwimu. Serikali inalijua gari kwa kadi na namba ya chesesi. Sisi wenyewe tunalijua kwa namba: huyu ana namba B, yule ametoa namba E juzi. Gari likikatwa, kadi inabaki kwenye sanduku la nguo na kwenye daftari la mapato linaendelea kuishi. Kwa miaka mingi liliendelea pia kudaiwa. Ada ya leseni ya mwaka ililimbikizwa hata kwa gari lililopandishwa juu ya mawe, mpaka ilipofutwa kwenye bajeti ya 2017/18 pamoja na malimbikizo yake. Fikiria maana yake kwa mwenye Land Rover ya baba yake. Kuliuza zima kulihitaji kulipa deni linaloweza kuzidi bei. Kuliuza vipandevipande hakukuhitaji ruhusa ya mtu. Sheria, bila kukusudia, ilikuwa inakata magari kuliko gesi ya fundi. Nyaraka nazo zinamwambia mtafiti uongo wa aina mbili: zinaonesha gari ambalo halipo, na hazioneshi mikokoteni na karasha ambazo zipo.

Siku hizi kuna mnunuzi wa tatu, mwenye mizani. Vyuma chakavu vinanunuliwa kwa kilo, vinapakiwa, vinakwenda kuyeyushwa kwenye viwanda vya nondo. Mizani haijui tofauti ya ekseli inayoweza kubeba magunia kwa miaka 20 na bati la paa lililooza. Nondo tunazihitaji, nyumba zinajengwa. Ila ekseli ya 109 ikishaingia kwenye tanuru, hakuna kiwanda hapa kinachotoa nyingine, na magari yanayokuja bandarini hayana ya kufanana nayo.

Yule mzee ana chesesi ya Land Rover uwanjani kwake, imeegemea ukuta. Nilipoiona mara ya kwanza ilikuwa na ekseli zake zote mbili, na ilikuwa na wateja watatu. Mwenye mizani alikuwa ameshatoa bei. Mkulima wa upande wa Mhunze alitaka ekseli ya nyuma kabla ya mvua. Wa tatu alikuwa kijana aliyepata dhahabu kidogo Geita, ana picha kwenye simu, anataka hivyohivyo: gari la wazi, siti mbili, halina paa, injini nje. Alikuwa amezitazama video zilezile. Mzee alimuuliza swali moja tu, kadi iko wapi, kwa sababu bila kadi hata likiwaka litaishia kwenye uwanja wa polisi. Kijana hakuwa nayo. Alisema ataifuatilia kwa watoto wa mwenye gari, mmoja yuko Dar es Salaam, mwingine hajulikani.

Nilipopita tena Desemba, ekseli ya nyuma ilikuwa imekwenda Mhunze. Mwenye mizani alikuwa amepewa mabati na takataka nyingine, akaambiwa arudi baadaye. Chesesi na ekseli ya mbele vilikuwa palepale, na pale namba ilipogongwa mzee alikuwa amepaka grisi nene isishike kutu. Kijana, aliniambia, bado anapiga simu.